Ng'ombe Niliyemtoa Bila Kukuuliza

Solange, binti yangu,

Kesho asubuhi unaondoka, na tangu uliporudi kutoka masomoni Mweso hujanisemesha ila kwa habari za chumvi na kuni. Sasa hivi umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa korali, mvua inapiga bati, nami nimechana karatasi hizi katikati ya daftari lako la zamani. Unajua mimi na kalamu si marafiki. Niliishia darasa la sita, na mwalimu wangu alikuwa akisema herufi zangu zimelewa. Zisome hivyo hivyo. Mdomo umenishinda mbele yako, labda mkono utaweza.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Wewe ndiye muuguzi, na huko msituni ng'ambo ya Pinga ndiwe utakayewafundisha wengine. Wala sitakuandikia juu ya wanaume wa machimboni, maana uliwahi kuniambia kwamba nikianza hotuba ile nasikika kama redio yenye betri zilizokwisha. Nimekubali. Redio nimeizima.

Nataka kukuandikia juu ya Gaju, ng'ombe wako uliyeachiwa na marehemu papa yako. Nitaandika yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nikianza kuruka nitaruka pale panaponichoma.

Ulipokuwa masomoni, mke wa Riziki alijifungua mtoto wa kike, na yeye mwenyewe hakuvuka siku ile. Riziki yuko mbali anatafuta maisha, kwa hiyo mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake, Mama Riziki, jirani yetu wa tangu zamani. Mwanamke wa umri wangu, nyumba ya turubai, shamba la kuazima. Nilikwenda kwenye kilio. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo sana, na wamama walikuwa wanampa maji ya sukari kwa kijiko. Nyumbani kwetu Gaju alikuwa amezaa, kiwele kimejaa. Asubuhi iliyofuata nilifungua kamba, nikamwongoza pamoja na ndama wake kupita katikati ya kambi yetu yote ya wakimbizi, watu wakiangalia, nikamkabidhi Mama Riziki. Nilisema maneno yanayosemwa, kwamba ng'ombe huyu ni wako na wa watoto wako. Kuna mwanamke aliyepiga kigelegele, hata kama ulikuwa msiba. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Wewe ukarudi, ukakuta kigingi hakina kamba. Nilikueleza kwa furaha kabisa, mpumbavu mimi, nikifikiri utanishika mkono. Ukasema:

"Mama, ulipeana papa yangu."

Nilijitetea. Nilikwambia mtoto angekufa. Ukaniuliza, "Sasa juu ya nini haukukuwa unamupelekea maziwa tu, kila asubui?" Nikajibu kwamba ni mbali, na miguu yangu siku hizi. Ulikuwa uongo. Kutoka hapa hadi kwa Mama Riziki hata ugali hauwezi kupoa njiani. Ukaniambia niende nikamrudishe. Nikakuambia haiwezekani, kwetu sisi watu wa ng'ombe mtu akimpa mwenzake ng'ombe kisha akamfuata kumchukua, afadhali angempiga kofi ndani ya kanisa. Ukasema, "Haikukuwa yako ya kupeana." Hapo ndipo ulipofunga mdomo, na hujaufungua mpaka leo.

Ulisema kweli. Lakini hukujua kwa nini nilifanya vile, na mimi mwenyewe nilikuwa sitaki kujua.

Kilima chetu juu ya Ngungu hukikumbuki, ulikuwa mdogo. Malisho yetu yalipakana na shamba la Mama Riziki. Ng'ombe wetu wakivuka kwenye maharagwe yake, alikuwa anawatupia madongo na kuwatukana mmoja mmoja kwa majina yao, kisha anakuja kwangu kucheka. Wakati ule watu wa ng'ombe na watu wa mashamba walikuwa wameanza kuangaliana kwa jicho baya, na kila mmoja wetu aliambiwa na ndugu zake apunguze urafiki. Hatukupunguza. Ulipougua surua, papa yako akiwa juu malishoni, Mama Riziki ndiye aliyekubeba mgongoni hadi zahanati ya Ngungu kwenye matope, akiwa na mimba yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba blanketi tu, na bado nilikuwa ninahema.

Mtoto wa mimba ile alipozaliwa, zamu yangu ilifika. Unajua desturi yetu: mwanamke akijifungua, sisi tunampelekea maziwa, chombo kimejaa, mpaka atakapotoka nje kwa miguu yake. Ulikuwa wakati wa jua kali, nyasi zimekauka, ng'ombe wanatoa kidogo. Mnunuzi wa maziwa ya kutengenezea jibini, ile fromaji, alikuwa anapita kila asubuhi, na kila tone nililompa jirani lilikuwa tone ambalo sikumpa yeye. Nilifika kwenye kijito. Nikatazama huku na huku. Nikaongeza maji.

Si maji mengi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na bado ninajisikia nikijiambia.

Mama Riziki alikuwa amekaa kitandani, mtoto kwapani. Alipokea chombo kwa mikono miwili, akanywa mbele yangu. Alinywa kidogo, akaacha, akaniangalia juu ya ukingo wa chombo. Halafu akaendelea kunywa mpaka akamaliza yote. "Aksanti sana, mama," akasema. Yeye hakuwahi kuniita "mama" kwa namna ile ya wageni, alikuwa ananiita kwa jina langu la ujana.

Sasa unajua pia kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kwenye njaa mtu hutia kiazi kimoja. Kesho yake dada yake alinirudishia chombo kimeoshwa, ndani hamna kitu. Nilikiweka kwenye kichanja nikasema kwa sauti kubwa, papa yako asikie, kwamba watu wa mashamba hawana shukrani. Papa yako aliniangalia tu. Nafikiri yeye alishaelewa.

Mwanangu, ukiwa na kikombe kimoja, toa kikombe kimoja. Ukiwa huna, sema huna. Watu wanaweza kuishi na neno "sina", wengi wetu hapa tumeishi nalo nusu ya maisha. Kitu wanachoshindwa kuishi nacho ni kumshukuru mtu huku wanajua. Mimi nilimlazimisha rafiki yangu anishukuru kwa maji ya kijito, naye alikuwa na mtoto mchanga mkononi na hakuwa na nguvu za kugombana.

Baada ya hapo hatukugombana hata siku moja. Ungeona namna tulivyosalimiana! Habari za nyumbani, habari za watoto, Mungu akubariki, nawe pia. Ng'ombe wakiingia shambani mwake alituma mtu aje kutuarifu kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonionyesha kwamba urafiki umekufa. Kule unakokwenda, ukiona mtu uliyezoea kutaniana naye ameanza kukuheshimu ghafla, usifurahi. Nenda siku hiyo hiyo ukamuulize. Mimi nilisema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikatukuta barabarani tunakimbia vita, kila familia na godoro lake.

Ng'ombe wetu waliishia njiani, unajua hilo, akabaki mmoja tu, mama yake Gaju, naye baadaye akafa akatuachia Gaju. Na Mungu, katika vilima vyote vya Masisi, akatushusha mimi na Mama Riziki hapa hapa Lushebere, kwenye bomba moja la maji. Miaka tumesimama pale na bidoni zetu. Habari za nyumbani, habari za watoto.

Basi ndiyo sababu sikupeleka maziwa kila asubuhi. Niliuogopa mkono wangu. Nilifikiri: siku tano nitapeleka maziwa mazima, siku ya sita yatakuwa haba, na mimi najijua. Tena sikuweza kumwona Mama Riziki akimnywesha mtoto yale maziwa na kuyaonja kwanza kwa ncha ya kidole. Nikaona afadhali nitoe kitu kikubwa kwa mara moja, mbele ya watu, kitu ambacho hakiwezi kuongezwa maji. Na kitu kikubwa nilichokuwa nacho hakikuwa changu. Siku ile, kabla hujafunga mdomo, uliniambia, "Kama ulikuwa unataka kuomba samahani, ungeomba na kinywa. Kinywa haina kamba." Nilikasirika kwa sababu nilikuwa sijawahi kukwambia habari ya kijito, nikajiuliza umejuaje. Hukujua. Ulinisoma usoni tu.

Sasa juu ya papa yako, maana neno lako lile halijaniacha nilale.

Unaikumbuka ile Jumapili yake ya mwisho vizuri kuliko mimi, wewe ulikuwepo. Alikuwa ameshakonda, amekaa chini ya paa na ubao wake wa kisoro, bao letu la mashimo, anapanga kete. Mimi nilikuwa nimefunga bidoni ya maziwa ya kuuza mgongoni. Akaniambia, "Mama Solange, ikala hapa kidogo. Leo nitakuacha unishinde." Nikamjibu, "Maziwa itachacha." Akasema, "Maziwa iko inachacha kila siku." Nikacheka, nikaenda. Nilikuwa nimezoea kumcheka na kisoro chake. Nilikuwa ninamwita mfalme wa kete. Kila jirani alijua kwamba katika nyumba ile mwanamke ndiye anayefanya kazi, na mimi sikukataa sifa hiyo.

Wewe ulikuwa likizoni, ukakaa. Ukacheza naye. Siku hiyo ndipo alipokwambia kwamba Gaju ni wako, kwamba hata kama hatuna tena kilima, mtoto wake hatakwenda duniani bila mkia wa ng'ombe nyuma yake. Mimi habari hiyo niliipata kwako, kwenye kilio chake. Sikuyasikia maneno yale kwa masikio yangu. Huenda ndiyo maana ilikuwa rahisi kwangu kufungua kamba. Kwako Gaju alikuwa sauti ya papa yako. Kwangu alikuwa ng'ombe aliyebaki.

Na mimi nilikuwa ninataka kuniambia nini siku ile, sijui. Yeye, nataka kusema. Ona, hata kalamu inachanganyikiwa. Alikuwa anataka kuniambia nini, na sasa nitazeeka bila kujua. Labda hakuna kitu, labda alitaka tu kucheza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba huenda hakutaka kitu chochote, alitaka tu nikae.

Huko kazini watakusifu kwa kutopumzika, Solange. Watasema, yule dada wa kutoka Masisi hachoki. Jihadhari na sifa hiyo, ni tamu sana. Mimi kazi ilikuwa mahali pangu pa kujificha. Mtu mwenye bidoni mgongoni haulizwi maswali, anapishwa njia. Nilijificha humo nisiende kwa Mama Riziki, nikajificha humo nisikae na mume wangu mgonjwa, na kila mtu akasema huyo ni mwanamke kweli. Zamu yako ikiisha, vua lile koti jeupe. Tafuta korali huko, hata kama wanaimba vibaya kuliko ninyi. Tafuta watu wa kukaa nao bila faida yoyote, wa kuchambua majani ya sombe na kusengenya kidogo. Ule ubao wa kisoro nimeufunga ndani ya kitenge chako cha buluu, uko chini ya mzigo. Sikujifunza kuucheza. Mfundishe mtu.

Na mwanamke akifika kwako amechelewa, ametokwa damu, usimuulize kwanza alikuwa wapi. Mke wa Riziki aliulizwa hivyo mahali fulani, na aliyeuliza hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Mtu aliyechoka sana anasema maneno ambayo hakuyaleta kutoka nyumbani. Kwa hiyo lala. Kula kabla hujakasirika. Nimesema sitatoa maagizo na tayari nimetoa, nisamehe, wewe unanijua.

Sasa nifike kwa jambo la leo, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Ulipotoka tu, Mama Riziki aliingia. Mvua imemlowesha mpaka mabegani, mtoto amemfunga mgongoni na kipande cha turubai juu yake. Mtoto ameanza kujaza mashavu. Hakutaka kukaa. Akaniuliza:

"Ni kweli ile ngombe iko ya Solange?"

Nikasema ni kweli.

"Na yeye alikubali?"

Nikasema sikumuuliza.

Kisha akasema, "Mimi siwezi kulala na ngombe ya mutoto wa wenyewe. Unanifanya niko mwizi, na mimi sikuiba."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia abaki na Gaju, kwamba mtoto wangu ataelewa, atazoea. Unaona? Nilikuwa karibu kukutoa tena mara ya pili. Niliyameza maneno hayo. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi tayari, niliutumia kwa lile jambo lingine. Nilimwambia habari ya kijito. Nilimwambia nilitazama huku na huku. Nililia, sitakuficha, nililia vibaya kama mtoto.

Mama Riziki hakulia. Alisema, "Nilijua ile siku ile ile. Ulimi yangu haiko ya mbao." Halafu akasema, "Nilikuwa nasema, atakuya kuniambia. Nikangoya. Hata kule kwa bomba nilikuwa naangalia kinywa yako, nasema, leo njo siku. Miaka yote ile nilingoya."

Nilitaka aseme imekwisha. Hakusema. Alirekebisha turubai juu ya mtoto, akaniita kwa jina langu la ujana, mara moja tu, akatoka. Sijui jina lile lilikuwa mlango unafunguka au unafungwa. Sina haki ya kumuuliza.

Kwa hiyo limebaki neno la Gaju, na mambo yako hivi. Kesho motari, mwenye pikipiki wa kukupeleka Mweso kwenye njia ya Pinga, anakuja kukuchukua hapa, na njia inapita mbele ya nyumba ya Mama Riziki. Ameniambia atakuwa amesimama nje na Gaju na ndama, kamba mkononi, mpaka upite. Mtoto yule hana maziwa mengine. Nilipoandika hilo nilitaka kulifuta, kwa maana ni njia ya kukusukuma, lakini nimeliacha kwa sababu ni kweli, na wewe ni muuguzi, ungelijua hata bila mimi.

Ukiichukua kamba, ichukue. Motari atangoja. Mimi nitamwongoza Gaju kurudi nyumbani kwetu mchana, kwa njia ile ile ya katikati ya kambi, na watu waseme yule ndiye aliyetoa ng'ombe akamchukua. Nitalibeba hilo, ni mzigo wangu, nilijifunga mwenyewe. Nitamlisha ng'ombe wako mpaka utakapomhitaji. Na kama utaniruhusu, kila asubuhi nitampelekea mtoto maziwa, jinsi ulivyosema tangu mwanzo, na Mama Riziki aonje kwa kidole kila siku anayotaka.

Ukiiacha, basi usipite tu na pikipiki ukipunga mkono. Shuka. Mwambie kwa kinywa chako. Maneno niliyosema mimi siku ile mbele ya watu hayakuwa na kitu ndani, kwa sababu mwenye ng'ombe alikuwa Mweso amekaa darasani. Kwa hiyo Gaju bado hajatolewa na mtu.

Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Mama Riziki amengoja miaka, mimi pia naweza kungoja. Naomba kitu kimoja: motari atangulie, twende kwa miguu, usinizuie kukusindikiza hadi pale. Nitatembea nyuma yako na sanduku lako kichwani, sitatia neno, nisikie kwa masikio yangu utakachosema.

Mama yako.